Majina ya Wadudu wa Observatory



Kurasa hizi zimezoea kubeba mambo makubwa ya ukoo wetu: majahazi yaliyoshuka na kaskazi, shajara ya nasaba iliyoandikwa kwa wino mweusi, mashamba ya mikarafuu ya Pemba, na ile Januari ya 1964 iliyompeleka kila mmoja na njia yake. Leo naomba ruhusa yenu nizungumze juu ya vitu vidogo, tena vidogo kwelikweli: wadudu ninaowapiga picha hapa Observatory, kitongoji cha Johannesburg ninakoishi, pamoja na majina yao. Huenda mkauliza mdudu ana uhusiano gani na nasaba. Uhusiano upo, nao umenifunza juu ya ukoo wetu jambo ambalo shajara haikulisema.

Kwanza niwaeleze mahali penyewe. Observatory ipo mashariki ya katikati ya mji, juu ya mgongo wa mawe ulioinuka takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Jina limetokana na kituo kilichoanzishwa hapa mwaka 1903, kwanza kwa ajili ya kupima hali ya hewa, kisha kwa ajili ya kuchunguza nyota. Mwaka 1915 mkuu wa kituo hicho, Robert Innes, alilinganisha sahani mbili za kioo zenye picha za sehemu moja ya anga, zilizopigwa kwa kupishana miaka kadhaa. Katikati ya maelfu ya nukta aliona nukta moja hafifu imesogea. Hiyo ndiyo Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote ukiliondoa jua letu, umbali wa miaka ya nuru 4.2. Pamoja na ukaribu huo, haionekani kwa macho matupu. Kituo kiliacha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini mapaa yake ya kuba bado yapo kilimani. Kila niyaonapo hukumbuka kwamba jirani wa karibu kuliko wote alikuwa hajulikani, mpaka alipopatikana mtu mwenye picha mbili na subira.

Mimi picha zangu nazielekeza chini. Kilima chetu ni cha mawe magumu, yenye madoa ya kijivu, kijani na rangi ya machungwa yanayoota juu yake polepole sana. Kati ya mawe kuna nyasi ndefu, na ndani ya nyasi kuna miji mizima ya viumbe. Kuanzia Oktoba mvua za radi hunyesha alasiri, na baada ya mvua za mwanzo kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Kuanzia Mei nyasi hukauka, baridi huingia, na asubuhi nyingine jalidi huwa imetanda juu ya majani. Mlimani hatuendi mtu mmoja mmoja. Huenda majirani watatu au wanne, kwani mji huu una hatari zake. Siku nyingine bustani ya nyuma ya nyumba hutosha.

Upigaji picha wa vitu vidogo una kanuni chache. Lenzi ya kazi hii humchora mdudu ndani ya kamera kwa ukubwa wake halisi, moja kwa moja, yaani mdudu wa milimita kumi huchukua milimita kumi. Asiye na lenzi hiyo anaweza kutia bomba la kurefusha kati ya kamera na lenzi ya kawaida, au kubandika kilenzi kidogo mbele ya kamera ya simu. Kukuza si kazi ngumu. Ugumu ni kwamba kadiri unavyokuza, ndivyo sehemu inayoonekana kwa uwazi inavyopungua unene. Katika ukubwa huo, hata ukilibana tundu la lenzi hadi f/11, sehemu iliyo wazi haizidi sana milimita moja. Jicho la mdudu likiwa wazi, mguu wake tayari umo ukunguni. Basi huna budi kuchagua, na wapigaji picha karibu wote huchagua jicho, kwani mtazamaji hutafuta jicho kwanza. Tundu likibanwa mwanga hupungua, kwa hiyo hutumiwa flashi iliyofunikwa kwa karatasi au kitambaa cheupe, ili mbawakawa asibaki na doa kali la mwanga mgongoni.

Wakati mzuri ni alfajiri. Mwili wa mdudu hufuata joto la hewa. Asubuhi ya baridi hana nguvu ya kuruka, naye hukaa kimya juu ya jani huku umande umemtua kama shanga. Wapo watu wanaowatia wadudu katika jokofu ili watulie. Mimi sifanyi hivyo, kwani baridi ya nyanda hizi yatosha. Jiwe nililoligeuza hulirudisha kama lilivyokuwa, maana ni paa la nyumba ya mtu.

Picha nyingi nazipandisha katika mtandao wa iNaturalist, ambako wataalamu na wapenzi wa viumbe husaidiana kuvitambua. Huko mdudu hupata jina lake la Kilatini. Jina la Kiswahili sharti lipatikane nyumbani, na kwetu sisi nyumbani ni kwa shangazi.

Shangazi yuko Maskati na umri wake umepita miaka themanini. Alizaliwa Pemba, akaondoka akiwa msichana mwenye miaka ishirini na moja, akakaa Dubai, kisha akahamia Oman baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos alipowafungulia mlango watu wa asili ya huko waliokuwa Afrika ya Mashariki. Maradhi ya uzee yamemla katikati ya uoni wake. Pembeni anaona, katikati pana wingu. Sindano hatungi tena, na msahafu ausoma kwa yale aliyoyahifadhi. Chungu akipita sakafuni kwake ni kama hakupita. Lakini mjukuu wake huziweka picha zangu kwenye televisheni kubwa ya ukumbini, na chungu akiwa na urefu wa mkono mzima, shangazi humwona. Huegemeza uso upande, akamtazama kwa pembe ya jicho, kisha akanena.

Kila Ijumaa baada ya swala humpigia simu. "Shikamoo shangazi." "Marahaba mwanangu. Leo umeniletea dudu gani?" Binti yangu mwenye miaka tisa huketi karibu yangu na daftari. Shuleni husema Kiingereza, uwanjani husema Kizulu na wenzake, na Kiswahili chake kilikuwa kimebakia maneno ya chakula na ya kukemewa. Sasa daftari lake lina majina zaidi ya sitini, na tumeyagawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la wadudu walioko huku na huko. Kereng'ende hutua juu ya birika la maji la ndege. Buibui wapo kila pembe, na hapo shangazi alicheka akamweleza mtoto kwamba huko kwao wanawake nao walivaa buibui, vazi jeusi lenye jina moja na mfumaji huyu. Vunjajungu tulimpata juu ya ua la waridi, mikono kaikunja kifuani kama mwenye kuomba. Shangazi akatuonya tusimshike, kwani watu wa zamani walisema amshikaye mdudu huyo, chombo cha kwanza atakachokigusa kitamponyoka kivunjike. Na ndilo jina lenyewe. Hapa Afrika ya Kusini mdudu huyo huyo ana heshima nyingine: katika masimulizi ya Wasani yaliyoandikwa Cape Town katika miaka ya 1870, ndiye mmoja wa sura za |Kaggen, mwenye hila na mwenye kuumba. Jongoo naye hatoki njiani siku za mvua. Binti yangu alimjua kwa jina la shongololo, kama watoto wote wa mji huu. Shangazi alipomwona televisheni akajibu kwa methali: mtupe jongoo na mti wake. Mtoto akataka kujua mti umekosa nini. Mazungumzo hayo yalichukua nusu saa, nayo ndiyo ya kwanza marefu kupata kusikia kati yao kwa Kiswahili.

Fungu la pili ni la majina yasiyo na wenyewe hapa. Shangazi huuliza kila mara kama nimewapata majimoto, chungu wekundu wa juu ya miti waungao majani kwa nyuzi za hariri zinazotoka kwa watoto wao. Siwapati, kwani baridi ya Johannesburg hawaiwezi. Yeye anawajua kwa ngozi: waliwauma wachumaji mikarafuuni, na watoto waliopanda miti waliambiwa kwanza watazame kama tawi lina majani yaliyoshonwa. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa wadudu, M. J. Way, aliwachunguza chungu hao Zanzibar na kueleza namna wanavyoikinga minazi na kunguni watoboao nazi changa. Jina lao tumeliandika daftarini, na pahala pa picha tumepaacha peupe.

Fungu la tatu ni la wenyeji wa huku ambao shangazi hakupata kuwaona. Mashuhuri kuliko wote ni yule ambaye watu wa hapa humwita kamba wa Parktown, kwa jina la kitongoji cha jirani. Si kamba, ni jamaa ya chenene, asiye na mbawa, mwenye rangi ya machungwa na mistari myeusi, urefu wa kidole, na dume lake lina meno mawili marefu yaliyopinda. Akitishwa huruka, na hurusha uchafu mweusi unaonuka. Bustani zenye maji na kivuli, zilizopandwa katika mji uliokuwa nyika tupu kabla ya dhahabu ya 1886, zimempa makao mazuri. Humo hula konokono, naye huliwa na kwarara wenye makelele wanaotembea juu ya nyasi zetu. Shangazi aliposikia jina alishangaa. "Kamba? Kamba gani huyo asiyeijua bahari?" Akamtazama kwa muda mrefu, upande huu na upande huu, kisha akatoa hukumu: "Huyo ni chenene aliyevaa joho." Tangu siku hiyo kwetu anaitwa chenene-joho. Yule kiwavi mwingine anayejijengea ala ya vijiti na kuning'inia nayo katika miiba amepewa jina la mbeba kuni.

Siku moja, nikiyapitia majina ya daftari, niliona jambo ambalo kwa mtu wa ukoo kama wetu si dogo. Sisi hupenda kukumbushana kwamba Kiswahili kimejaa Kiarabu, na hilo ni kweli: nasaba, urithi, sheria, hesabu, wakati, safari, yote yalikuja na babu zetu. Lakini katika majina ya wadudu aliyotupa shangazi sikuliona la Kiarabu. Jongoo, mchwa, kumbikumbi, kereng'ende, nondo, nyigu, chenene, vunjajungu, yote ni maneno ya Waafrika wa pwani na bara. Wala si kwamba Kiarabu hakikuwafikia wazee wetu. Chuoni walisoma Sura za Nyuki, za Chungu na za Buibui kwa majina yake ya Kiarabu, na wengi wao walizihifadhi. Wakitoka chuoni wakamkuta mdudu mwenyewe ukutani, hawakumwita ankabut. Walimwita buibui.

Nikamuuliza shangazi: majina haya ulifundishwa na nani? Nilitazamia aseme mama yake, au bibi. Alinyamaza kidogo, akasema: "Yaya. Nani mwingine aliyekuwa na wakati wa kukaa chini na sisi?"

Yaya huyo ndiye aliyewalea watoto wote saba wa nyumba ile, baba yangu akiwemo. Majirani walimwita Mnyasa, kwa kuwa asili ya watu wake ilikuwa huko ziwani. Mama yake, kwa hesabu ya shangazi, alizaliwa mtumwa shambani kabla ya amri ya 1897 iliyoiondolea hali ya utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Yaya mwenyewe alizaliwa huru, na bado alibaki kuchuma karafuu zile zile na kulea watoto wa nyumba ile ile. Ndiye aliyewaonyesha majimoto wasije wakaumwa, na kuwafunza kuwanasa kumbikumbi usiku kwa taa na beseni la maji. Jina lake shangazi analikumbuka, nami nimeliandika, ila silitaji hapa mpaka nijue kama wajukuu zake wapo na wanaridhia.

Nilifungua shajara yetu. Ina majina ya wanaume wa vizazi kumi na moja, na pembeni wake wachache. Yaya hayumo. Nilitoa ile picha ambayo wengi wenu mnayo nakala yake, iliyopigwa katika studio moja ya Mji Mkongwe miaka ya 1950: babu na jambia lake, bibi kaketi, watoto wamepangwa kwa urefu. Yaya hayumo. Hata hivyo kila mtoto aliye ndani ya picha ile aliuita ulimwengu uliomzunguka kwa maneno yake, na maneno hayo yamefika hadi Johannesburg, katika daftari la mtoto ambaye hakuwahi kuiona Pemba.

Nchi hii nayo hainiruhusu kulisahau jambo hili. Durban wapo watu waitwao Wazanzibari. Kuanzia mwaka 1873 wazee wao waliteremshwa pale baada ya kuokolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazi ya Msumbiji, lakini Zanzibar ndilo jina lililowaganda. Walikaa Bluff, wakaishika dini yao, na wakati wa ubaguzi wa rangi wakahamishwa hadi Chatsworth. Tukiandika kwa fahari juu ya majahazi, tukumbuke kwamba walikuwemo na hao, nao wana vizazi wanaotafuta asili yao kama sisi tunavyoitafuta yetu.

Sisemi haya ili kumhukumu babu, wala kuiondolea nasaba thamani yake. Nasema kwamba urithi wetu una mistari miwili. Mmoja umeandikwa, umewekewa fremu, na kila sikukuu tunausoma. Mwingine haukuandikwa, ulipita kinywani, kwa watu waliokuwa karibu nasi kuliko jamaa waliobaki Uarabuni, na kwa ukaribu huo huo hawakuonekana. Huu wa pili ndio uliotupa lugha ya nyumbani. Nao uko hatarini zaidi, kwa sababu karatasi itabaki sandukuni hata tukifa sote, lakini jina la mdudu lisilosemwa kwa kizazi kimoja limekwenda.

Kwa hivyo naendelea na kazi yangu ya alfajiri. Majirani nao wamenisaidia. Yeoville, kitongoji kinachopakana nasi, kuna Wakongo wengi, na sokoni kwao Kiswahili husikika kila upande. Nilipomwonyesha mama mmoja muuza mboga picha ya kiwavi mnene mwenye miiba, alicheka akasema, "Papa, hii tunakulaka!" Akanionyesha gunia la viwavi waliokaushwa. Kiswahili chake si cha shangazi, lakini nacho kina wadudu wake, na daftari limepata ukurasa mpya.

Ninalowaomba ni hili. Kila mwenye mzee aliye hai, na ampigie picha kitu kidogo kilicho karibu naye: nge wa mabondeni Nizwa, kipepeo wa bustani ya London, mdudu wa dirishani Dubai. Lenzi ya bei kubwa haihitajiki; simu na asubuhi tulivu vyatosha. Mkuzie picha mpaka aione. Muulize jina lake. Kisha muulize swali la pili, ambalo ndilo zito zaidi: nani alikufundisha jina hili? Akitaja mtu asiyekuwemo katika shajara, liandikeni jina lake, na mahali alipotoka, na alivyoitwa nyumbani. Nitumieni mtakayoyapata, nami nitayapanga.

Shangazi atafanyiwa matibabu ya jicho la kushoto mwezi ujao, na madaktari hawakuahidi kwamba litarudi kuona, ila kwamba huenda lisizidi kuharibika. Mwombeeni. Mpaka siku hiyo tunazo Ijumaa tatu, na nimemwandalia picha ishirini na moja, saba kwa kila Ijumaa.